Kompyuta ya pikapu: kipimo kwanza, spea baadaye

Na Mwandishi Wetu

KWA kawaida ununuzi wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, hakuna pikapu nzima inayokosa kazi Choma na vijiji vingine vya Wilaya ya Igunga. Ikiisha pamba upo mpunga, zipo choroko na dengu, na mwaka mzima upo mnada wa mifugo. Pikapu ikizima katika kipindi hicho, hasara haimwangukii mwenye gari peke yake. Mkulima analala na mzigo wake ghalani, mnunuzi anakosa bidhaa aliyokwisha kuitolea ahadi, na vijana wa kupakia wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Wakati kama huo, fundi akifungua boneti na kutamka kwamba "kontroli boksi imekufa", mwenye gari hana nguvu ya kubishana. Anapiga simu Mwanza au Dar es Salaam, anatuma fedha kwa njia ya simu, na kesho yake boksi la bati lenye ukubwa wa kitabu linapakiwa kwenye basi. Likifika na gari lisiwake, muuzaji anamsomea maneno yaliyochapwa chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Soko la kompyuta za injini ni miongoni mwa masoko ya spea ambamo mnunuzi analipa fedha nyingi, anajua kidogo, na kinga yake ni dhaifu. Maoni ya safu hii ni kwamba soko hilo halitatengemaa kwa kungoja bei zishuke. Litatengemaa pale wenye magari watakapozoea kulipia kipimo kabla ya kulipia spea, na wauzaji watakapolazimika kuweka dhamana yao katika maandishi.

Tulikotoka

Njia ya Tabora ni kongwe katika biashara ya uchukuzi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipumzika Unyanyembe, ikanunua chakula na kuajiri wapagazi wapya kabla ya kuendelea Ujiji au kugeukia kaskazini kuelekea ziwa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo unaokaribia kilo 30. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya masafa marefu ilihamia kwenye mabehewa, lakini ile safari fupi ya kutoka shambani hadi stesheni au ghalani ilibaki kutafutiwa dawa. Dawa hiyo, kwa miaka mingi sasa, ni pikapu.

Magari haya yaliongezeka baada ya serikali kuruhusu, mwaka 1984, watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1994 biashara ya pamba nayo ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mwenye pikapu akawa mtu wa kutafutwa. Hata baada ya ununuzi kupitishwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, kuanzia msimu wa 2018, mzigo bado unahitaji gurudumu la kuufikisha.

Pikapu za zama zile hazikuwa na kompyuta ya injini. Toyota Hilux yenye injini ya 2L au 3L, au Land Cruiser yenye injini ya 1HZ iliyotoka mwaka 1990, ilikuwa na pampu ya dizeli inayoendeshwa kwa gia na springi. Waya mmoja wa umeme ulitosha kuifungulia dizeli ipite. Fundi mwenye spana, sikio zuri na uzoefu aliweza kuitengeneza chini ya mwembe.

Mambo yalibadilika na mfumo ambao mafundi wanauita komoni reli. Kampuni ya Denso ya Japani iliuingiza kwenye malori mwaka 1995, na Bosch ya Ujerumani ikaufikisha kwenye magari madogo mwaka 1997. Katika mfumo huu dizeli yenye msukumo mkubwa mno hukaa ndani ya bomba moja, na nozeli hufunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hilux iliyotoka mwaka 2004, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Vigo, ndiyo iliyouleta mfumo huo kwa wingi kwenye barabara zetu za vumbi.

Wapo wanaosema turudi kwenye injini za zamani. Hoja hiyo ina utamu wake, lakini haina soko. Injini mpya hupata nguvu kubwa zaidi kwa lita ileile ya mafuta na hutoa moshi mchache. Magari ya zamani nayo yanazidi kuchakaa, na yaliyo mazima bei yake haishikiki. Kompyuta itabaki, kwa hiyo inatupasa kujifunza namna ya kuinunua.

Boksi linalosingiziwa

Kompyuta ya injini hufanya kazi moja kwa namna nyingi. Inasoma habari kutoka kwa sensa: mzunguko wa injini, joto la maji, msukumo wa dizeli, hewa inayoingia, na kanyagio la mafuta. Kisha inaamua dizeli kiasi gani iingie na kwa wakati gani. Ikikosa habari sahihi, inapunguza nguvu ya injini ili isiharibike, au inakataa kabisa kuwasha. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu kompyuta nzima inayopewa habari mbovu hufanana sana na kompyuta mbovu.

Chukua mfano wa umeme wa volti 5 ambao kompyuta huupeleka kwenye sensa. Sensa moja ikipiga shoti, umeme huo huanguka kwa sensa zote zinazochangia njia hiyo, na gari huzima kana kwamba boksi limekufa. Fundi anayejua huchomoa sensa moja baada ya nyingine huku akiangalia mita. Ile ambayo ikichomolewa umeme unarudi ndiyo mkosaji. Kazi hiyo huchukua muda mfupi na haihitaji kutuma fedha Dar es Salaam.

Mfano wa pili ni waya wa athi. Ukilegea au ukipata kutu, kompyuta hukosa njia ya kurudishia umeme, na mashine ya kupima inapochomekwa haipati jibu. Fundi mwenye haraka husema boksi halisomi, kwa hiyo limekufa. Huenda dawa yake ni msasa na nati moja ya kukaza.

Mfano wa tatu uko kwenye mafuta. Katika Hilux za dizeli za mfumo huu kuna vali ndogo kwenye pampu inayopima kiasi cha dizeli kinachoingia. Ikichoka au ikichafuliwa, gari hutetemeka, hukosa nguvu na taa ya injini huwaka. Chujio lililojaa maji huleta dalili za jinsi hiyohiyo. Kwa miaka mingi dizeli ya nchi hii ilichanganywa na mafuta ya taa, hadi EWURA ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Hata hivyo dizeli ya kwenye madumu bado inauzwa vijijini, na dumu halina chujio.

Hatusemi kwamba kompyuta haziharibiki. Agosti 2010, Toyota yenyewe iliyaita gereji magari yanayokaribia milioni 1.1 aina ya Corolla na Matrix huko Marekani, kwa sababu baadhi ya kompyuta zake za injini zilikuwa na kasoro ya kiwandani ambayo ingeweza kuzima injini gari likiwa njiani. Ikiwa kiwanda kikubwa namna hiyo kinaweza kukosea, hakuna boksi lisilokufa.

Lakini huku kwetu kompyuta nyingi huuawa na mikono ya watu. Gari linachomelewa keria au bampa bila kutoa nyaya za betri, na umeme wa kuchomelea unapita ndani ya boksi. Betri ikiisha nguvu, mtu anachukua umeme kwenye lori la volti 24 kuwashia pikapu ya volti 12. Mwingine anageuza nyaya, chanya akaiweka kwenye hasi. Injini inaoshwa kwa maji ya mashine, na masika yakifika gari linavushwa kwenye madimbwi ya udongo mweusi wa bonde la Manonga. Panya nao, gari likiegeshwa karibu na ghala la mpunga, hawabagui kati ya gunia na waya. Haya yote yanazuilika bila senti moja ya ziada.

Hesabu ya kubahatisha

Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa tarakimu za kudhania, kila msomaji aweke zake. Tuseme pikapu inamwachia mwenyewe Sh. 60,000 kwa siku baada ya mafuta na posho ya dereva. Tuseme kompyuta ya mtumba ni Sh. 700,000, na kumleta fundi umeme mwenye mashine kutoka mjini ni Sh. 150,000.

Mwenye gari wa kwanza ananunua kompyuta kwa kubahatisha. Kuisafirisha, kuifunga na kuhangaika nayo kunamchukua siku 14. Amepoteza Sh. 840,000 za mapato na Sh. 700,000 za spea, jumla Sh. 1,540,000, na ikiwa tatizo lilikuwa waya, gari bado liko juu ya mawe.

Mwenye gari wa pili anamwita fundi kwanza. Anapoteza siku 3, sawa na Sh. 180,000, analipa Sh. 150,000 za kipimo na Sh. 50,000 za kurekebisha waya. Jumla ni Sh. 380,000, na gari linatembea. Tofauti kati yao ni Sh. 1,160,000.

Atatokea mtu aseme fundi wake hakosei sana. Na tumpe fundi huyo sifa ya kupatia mara moja katika kila mara mbili. Kwa spea ya Sh. 700,000 isiyorudishwa, wastani wa hasara ya kubahatisha ni Sh. 350,000, zaidi ya mara mbili ya gharama ya kipimo, na hapo hatujahesabu siku zilizopotea. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Katika biashara hii kinachoitwa rahisi ni kuruka kipimo.

Bidhaa tatu, jina moja

Jambo la pili linalowaponza wanunuzi ni kudhani kwamba kompyuta ya Hilux ni kompyuta ya Hilux. Sokoni kuna bidhaa tatu zinazotajwa kwa jina moja.

Ya kwanza ni mpya kutoka kwa wakala wa mtengenezaji. Ina dhamana, inafungwa na watu wenye mashine zinazostahili, na bei yake inawashinda wengi. Ya pili ni ya mtumba, iliyotolewa kwenye magari yaliyokatwakatwa Japani au Falme za Kiarabu, hasa Sharjah, ikauzwa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ikapitia Nairobi kwenye maduka ya Kirinyaga. Ya tatu ni ile iliyofunguliwa na fundi wa elektroniki ikabadilishwa vifaa vilivyoungua. Hii ya tatu inadharauliwa bila sababu. Mara nyingi inafaa kuliko ya mtumba, kwa kuwa kumbukumbu ya gari lako inabaki ndani yake.

Kumbukumbu hiyo ndiyo kiini cha ugomvi mwingi. Magari mengi ya sasa yana kinga ya wizi inayofunga ndoa kati ya ufunguo na kompyuta. Ukileta boksi la gari jingine, ufunguo wako halitautambua, na injini haitawaka hata kama boksi ni zima kabisa. Ni lazima fundi ahamishe kumbukumbu kutoka boksi la zamani au aandikishe funguo upya. Katika injini za komoni reli, kila nozeli ina msimbo wake uliochapwa juu yake, nao unatakiwa kuingizwa kwenye kompyuta ili dizeli igawanywe sawasawa. Anayekuuzia boksi bila kukuuliza habari za ufunguo wala nozeli anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kisha ipo namba. Kompyuta za injini za Toyota mara nyingi huwa na namba inayoanza na 89661, na za familia ya Hilux mara nyingi hufuatwa na 0K. Tarakimu zinazobaki ndizo zinazotenganisha gari la gia za mkono na la gia za kujiendesha, na injini ya ukubwa huu na ule. Umbo la boksi na soketi zake vinaweza kufanana kabisa. Anayenunua kwa kuangalia umbo atalipa nauli ya basi mara mbili.

Na lipo la aibu zaidi. Wizi wa vipuri vya magari, vikiwemo vioo, taa na kompyuta zenyewe, umekuwa kero mijini. Boksi la bei ya kutupa lisilo na risiti linaweza kuwa limeng'olewa usiku kwenye gari la mwenzako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kupokea mali ya wizi, na polisi hawatamsikiliza anayesema alitumiwa kwa basi. Risiti ya mashine ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, inamlinda mnunuzi kabla hata haijaisaidia hazina.

Nini kifanyike

Kwanza, mwenye gari aweke kanuni gerejini kwake: hakuna kununua kompyuta bila karatasi ya kipimo. Karatasi hiyo ioneshe volti za betri gari likiwa limezimwa, ambazo kwa betri nzima iliyojaa huwa kama 12.6, na gari likiwa linanguruma, ambazo huwa kati ya 13.5 na 14.5. Ioneshe kwamba fyuzi, rilei kuu na nyaya za athi zimekaguliwa, kwamba umeme wa volti 5 wa sensa upo, na misimbo gani mashine ilisoma. Fundi anayekataa kuandika hayo hakupima.

Pili, muuzaji atoe siku za majaribio kwa maandishi. Tunaelewa hofu yake, kwamba fundi mbovu ataunguza boksi zima kwa waya ulioshoti, kisha alirudishe. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni ileile karatasi ya kipimo. Mnunuzi mwenye karatasi apewe dhamana ya siku kadhaa, asiye nayo asipewe. Muuzaji aweke alama yake na lakiri juu ya boksi ili lisifunguliwe wala kubadilishwa. Kwa utaratibu huo kila upande unabeba hatari inayomhusu.

Tatu, wauzaji waache kuyachukulia maneno "hairudishwi" kama ngao isiyopenya mshale. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Mnunuzi anayetuma ujumbe wa simu akitaja aina ya gari, injini na namba ya boksi, na akauhifadhi, amejiwekea ushahidi.

Nne, vyama vya msingi na wenye magari wa eneo moja wanunue mashine ya kupima kwa pamoja. Mtu mmoja wa Choma hawezi kuimudu mashine nzuri kwa ajili ya pikapu moja. Wenye magari kumi wanaweza, na kijana mmoja aliyepata mafunzo ya umeme wa magari VETA akakabidhiwa aitumie kwa malipo. Toka mwanzo chombo hicho kiwe na leja, mtunza fedha na ada inayojulikana, la sivyo kitakufa kama vyombo vingi vya pamoja vilivyokufa kabla yake.

Tano, serikali iangalie wenzetu walikofika. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilipitisha mwaka 2012 sheria inayowalazimu watengenezaji kuzipa gereji huru habari za kupima na kutengeneza magari. Afrika Kusini, nchi yenye viwanda vya magari, ilianza kutumia Julai 2021 miongozo ya tume yake ya ushindani inayomruhusu mwenye gari kuchagua gereji bila kupoteza dhamana, na inayotaka gereji huru zipate habari za kiufundi. Tanzania haina kiwanda cha Hilux, lakini ina mawakala, na mawakala hufanya biashara kwa sheria za nchi hii. Hakuna sababu ya fundi wa Nzega kutegemea programu za wizi zilizonakiliwa ambazo, zikikosea, huua boksi lililokuwa zima.

Wapo watakaosema haya ni makubwa mno kwa boksi moja la bati. Tunawakumbusha kwamba pikapu moja ikibeba tani moja inafanya kazi ya wapagazi zaidi ya 30 wa zamani, na boksi hilo ndilo linaloamua kama tani hiyo itafika au haitafika. Kati ya Choma na maduka ya Gerezani kuna zaidi ya kilomita 700, na kosa la fundi mmoja husafiri umbali huo wote kwenda na kurudi kwa gharama ya mwenye mzigo.

Msimu hautamngoja mtu. Anayetaka pikapu yake iwe barabarani ifikapo Mei aanze sasa: akague athi, abadilishe chujio, azuie kuchomelea gari likiwa na betri, na aandike pembeni namba ya boksi lake kabla halijafa. Siku likizima, swali la kwanza kwa fundi lisiwe boksi linauzwa kiasi gani. Liwe, "Umepima nini, na karatasi iko wapi?"